Mashavu Akisemea Chungu

Chumvi ilitoka vifuu sita. Ilitakiwa itoke kumi. Na kabla haijakauka vizuri juu ya ungo, kijiji kizima cha ukingoni mwa mto, pale Ndera, kilikuwa kimeshaambiwa kwamba mke wa Komora ameiba chumvi ya watu.

Aliyelitembeza neno hilo alikuwa Tuneya, dada wa Komora, tumbo moja. Hakulitembeza kwa kificho. Alilipeleka mtoni pamoja na mtungi wake, akalitua, akaliinua, akarudi nalo nyumba kwa nyumba. "Vinne vimepotea," alisema. "Chumvi haina miguu. Lakini yule mwanamke mfugaji wa Kiorma anayemletea wifi yangu siagi, huyo ana miguu, tena mirefu."

Mashavu aliposikia alikuwa akisugua sufuria ya samaki. Aliitupa chini. Komora, aliyekuwa akishona wavu mlangoni, hakuinua macho.

"Mke wangu, hiyo sufuria haijasema kitu."

"Dada yako ndiye kasema!"

"Basi kamtupe dada yangu. Sufuria tunayo moja."

Mashavu hakucheka. Komora alikuwa mtu wa kucheka na mambo mpaka yapite, na kwa miaka yote ya ndoa yao Mashavu hakuwahi kujua kama hiyo ni hekima au ni uvivu.

Ifahamike kwamba mwaka ule chumvi haikuwa kitu cha mchezo. Ulikuwa mwaka wa vita vya Witu. Wakubwa wa pwani waligombana na wakubwa wengine waliotoka mbali zaidi, wakachomeana miji, na kama ilivyo desturi ya wakubwa popote ulimwenguni, walioumia ni watu ambao hawakuulizwa. Mitumbwi ya Kipini iliacha kupanda mto. Chumvi ya bahari ikaisha Garsen, ikaisha Minjila, ikaisha Ndera. Watu wakala kambare wa maji matupu, na mahindi yakawa kama udongo mdomoni. Ndipo wanawake wakarudia kazi ya bibi zao kwa nguvu zote: kukata mafunjo bwawani, kuyaanika, kuyachoma, kuyachuja majivu yake kwa maji, na kuyachemsha maji hayo mpaka yaache chumvi. Ni chumvi ya kijivu, chungu kidogo. Lakini ni chumvi.

Lakini si kila mtu huchemsha. Kijiji kina jiko moja la chumvi, na jiko lina mwenyewe. Wanawake huleta majivu yao, kila mmoja kapu lake, mwenye jiko huyachanganya na kuyachemsha kwa pamoja, kisha chumvi hugawanywa. Kapu moja la majivu ya mafunjo, likifanyiwa kazi sawasawa, hutoa vifuu viwili. Hilo kila mwanamke wa mtoni alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Safari hii yaliletwa makapu matano. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Na jiko lile la Ndera lilikuwa la Mashavu, jambo ambalo Tuneya hakuwahi kulimeza.

Mashavu alikuwa mtu wa Hewani, chini huko kando ya msitu. Alizaliwa na kulelewa kwenye moshi wa majivu. Mama yake alichemsha chumvi na nyanya yake pia. Alipoletwa Ndera kuolewa, alikuja na mikeka miwili, mwiko mrefu wa kukorogea chumvi, na ulimi ambao mashangazi wa mumewe waliusikia siku ya kwanza wakatazamana. Mama mkwe wake ndiye alikuwa mwenye jiko wakati huo. Mzee yule alimtazama mkaza mwana wake akifanya kazi, akamtazama binti yake wa kumzaa, ambaye kila moto ulipotaka kungojewa yeye alikuwa na safari, na siku za mwisho wake akasema mbele ya watu, "Jiko apewe Mashavu." Akampa na chungu chake, kikubwa, cheusi, kilichokwisha kuchemsha chumvi za miaka na miaka.

Tuneya alilia matanga mawili siku ile, moja la mama na moja la jiko. La mama lilikwisha.

Mwezi mmoja kabla ya chumvi hii kupungua, wawili hao walikutana mtoni, na Tuneya akasema, watu wakisikia: "Wifi, ule mwiko ni wako, hatukatai. Lakini chungu ni cha mama yangu. Bila chungu cha mama yangu ungechemsha nini? Matope?"

Mashavu alipanda ukingo, akakitoa chungu kile kikuukuu jikoni, akakibeba kichwani mpaka mlangoni kwa Tuneya, akakiinua kwa mikono miwili, akakipiga chini.

"Haya! Chungu cha mama yako hicho!"

Watu walilizungumza jambo hilo kwa siku nyingi. Wengine walicheka, wengine walisema hivyo sivyo anavyofanya mtu mzima. Mashavu alikwenda kwa mfinyanzi wa Minjila akaleta chungu kipya, chekundu, akachemshia mara tu majivu yalipoletwa, ili Tuneya aone kwamba chumvi haitoki katika chungu cha mtu bali katika mkono wa mtu. Na chumvi ikatoka sita.

Sasa, Ndera kulikuwa na ada yake. Chumvi ikipungua, mwenye jiko hahukumiwi kwa minong'ono. Huitwa akisemee chungu. Wanawake waliotoa majivu hukaa kuzunguka jiko, na mwenye jiko husimama na mwiko mkononi, akaeleza kwa mpangilio: alipokea nini, alikifanyia nini, kimetoka nini, kilitakiwa kitoke nini, na kilichopungua kimekwenda wapi. Anayesikiliza kwa niaba ya wote ndiye mwenye kifuu cha kupimia. Lakini sharti kubwa ni moja. Hakuna mtu anayetajwa. Si jirani, si mume, si adui, hata yeye msemaji hajitaji. Hutajwa majivu, maji, moto na chungu tu. Akitaja mtu, hata kwa kidole, anaweka mwiko chini, na jiko linapewa mwingine.

Husimuliwa kwamba zamani hapakuwa na sharti hilo, na siku moja wanawake wawili walianza kutajana mpaka maji ya chumvi yanayochemka yakamwagika usoni mwa mmoja. Tangu hapo waliona afadhali chungu kisemwe na watu wanyamaze.

Mwenye kifuu mwaka ule alikuwa Kibibi, mwanamke mzee wa maneno machache na ugoro mwingi. Alikuwa pia shangazi yake Tuneya.

"Nimekwisha," Mashavu alimwambia Kaltuma asubuhi ya siku ya kusema. Kaltuma ndiye yule mwanamke wa Kiorma mwenye miguu mirefu. Alikuwa amekuja na kibuyu cha siagi kama kawaida yake, akakuta rafiki yake anazunguka jiko kama fisi aliyefungwa. "Anayesikiliza ni shangazi mtu. Na mimi sijui chumvi imekwenda wapi. Sijui, Kaltuma! Wallahi sijui."

Kaltuma aliingiza kidole katika chumvi iliyokuwa juu ya ungo. "Hii kavu sana," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota njiani. "Wewe mwaga maji kidogo. Chumvi iko na maji, inajaa kifuu. Sita inakuwa nane. Nane si mbaya."

"Na ikikauka nyumbani kwao?"

"Ikikauka kwao, jua yao imekula. Si wewe."

Mashavu aliutazama mtungi wa maji uliokuwa pale pale. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akaupiga teke, maji yakasambaa kwenye mchanga.

"Wewe leo kila kitu unapiga," alisema Kaltuma.

"Nitasema ni majivu yake," alisema Mashavu. "Kapu la Tuneya lilikuwa majivu ya jikoni, ya kuni. Hayatoi chumvi. Alinitilia makusudi. Najua."

"Ulimuona?"

"Namjua!"

"Mimi sikuuliza hiyo," alisema Kaltuma, akaketi pembeni kungojea, maana siagi yake ilikuwa haijalipwa.

Wanawake walikuja jua lilipokaza. Tuneya alikuja wa mwisho, amejifunga kanga kifuani kama mtu aendaye arusini, akaketi mbele kabisa. Kibibi alivuta ugoro, akapiga chafya, akakiweka kifuu magotini.

"Chungu kisemwe," alisema.

Mashavu aliushika mwiko kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka. "Mimi sikuiba," alisema.

"Hilo si la chungu," alisema Kibibi. "Hilo ni la moyo wako. Na umejitaja. Kwa vile hatujaanza, sikusikia. Nikisikia tena nitakuwa nimesikia. Anza."

Kikohozi kikatoka kwa Tuneya, kile cha mtu anayekula kicheko.

Mashavu alipoanza tena, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeng'oa miiba mguuni.

"Yalipokewa majivu. Makapu matano, yaliyojaa, yaliyosawazishwa kwa mkono."

"Ya nini?"

"Ya mafunjo."

"Yalionjwa?"

Hapo ndipo alipokuwa amelipanga neno lake tangu asubuhi. Angeweza kusema: moja halikuwa kali. Asingemtaja mtu. Angesema kapu tu, na kila aliyekaa pale angejua ni kapu la nani. Tuneya mwenyewe aliacha kutabasamu, kwa sababu naye aliuona mlango ule umefunguka. Lakini Mashavu aliyaonja majivu yale mwenyewe siku alipoyapokea, kapu moja moja, kama alivyofundishwa Hewani, na ulimi wake ulikuwa ungali unakumbuka. La Tuneya ndilo lililouma kuliko yote. Yalikuwa majivu mazuri. Aliyachukia kwa uzuri wake.

"Yalionjwa," alisema. "Yalikuwa makali yote. Hakuna lililokuwa bovu."

Kaltuma, kule pembeni, alitikisa kichwa kama anayemwona ng'ombe wake akiingia shambani kwa watu.

"Endelea," alisema Kibibi.

"Yakatiwa katika kichujio, nyasi zikiwa chini. Yakamwagiwa maji. Maji ya kwanza yakatoka mekundu, mazito. Ya pili yakatoka. Ya tatu..."

"Ya tatu?"

"Ya tatu hayakumwagwa. Kulikuwa na haraka."

"Majivu yaliyochujwa yako wapi?"

Yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jiko. Kibibi hakuinuka, alimtuma mmoja wa wanawake, mama mzito aitwaye Mwanaarusi, akaleta konzi moja, kila mtu akachovya ulimi. Nyuso zikakunjamana. Chumvi ilikuwa ingali ndani.

"Kifuu kimoja kimelala humo," alisema Mwanaarusi. "Au kasoro kidogo."

"Tuseme kimoja," alisema Kibibi. "Saba. Maji yakaendaje motoni?"

"Yakachemka. Yalifurika mara moja, yakazima upande mmoja wa moto." Mashavu aliona aibu kulisema hilo, maana kufurisha chungu ni kosa la msichana, na aibu yake ikageuka hasira kama kawaida. "Nusu kifuu! Haizidi! Alama ya mfuriko ile pale kwenye mafiga, mtu mwenye macho aitazame!"

"Polepole. Wenye macho tunaiona. Saba na nusu. Chungu?"

"Chungu kilikuwa chungu."

"Kipi?"

Kilikuwa kimekaa hapo kando, chungu kipya cha Minjila, na Mashavu akageuka kukitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuchemsha. Maana tangu siku ile alikuwa akimtazama Tuneya tu. Nje ya chungu, kutoka tumboni kwenda chini, palikuwa na ukungu mweupe, kama jasho lililokauka mgongoni mwa mpiga kasia. Akaugusa. Akaulamba.

Kila mwanamke wa mtoni anajua kwamba chungu kipya hakiendi motoni na kitu cha thamani. Kwanza kinanyweshwa uji. Uji mwepesi wa mahindi unachemshwa ndani mpaka uzibe vinyweleo vya udongo. Kisiponyweshwa uji, kitakunywa kile utakachokitia. Mtoto wa kike anaambiwa hivyo kabla hajaota meno ya pili. Na yeye, binti wa wachemsha chumvi, alikipeleka motoni kikiwa kikavu, na kiu yake yote, kwa sababu alitaka mtu fulani aone moshi upesi.

"Chungu kilikuwa kipya," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakikunyweshwa uji. Kimekunywa chumvi."

Minong'ono ikapita. Kibibi akauliza, bila kumhurumia, "Jiko hili lilikuwa na chungu kizee kisichokunywa kitu. Kiko wapi?"

"Kilivunjika."

"Chungu hakijivunji."

"Aseme ni nani aliyekivunja!" Tuneya aliruka. "Aseme! Chungu cha marehemu mama!"

Huo ndio ulikuwa mtego wake, na ulikuwa mzuri. Akisema "mimi", amejitaja. Akisema "wewe ndiwe uliyenichokoza", amemtaja. Akikaa kimya, ameficha. Maneno yote ya Hewani yalimjaa Mashavu mdomoni, na aliyazuia kwa meno, mpaka akaona kwamba lipo neno moja ambalo si la mtu.

"Hasira," alisema. "Kilivunjwa na hasira. Na hasira hiyo hiyo ndiyo iliyoharakisha maji, ikakataa uji, ikafurisha moto. Haya. Imesemwa!"

Kibibi alifikiri, akijikuna kidevu. "Hasira ni kitu," alikata shauri. "Iwekwe pamoja na moto."

Chungu kipya kikavunjwa pale pale, kwa amri yake, vigae vikalowekwa na maji yake yakachemshwa kwenye sufuria ya Komora huku wote wakingoja na kusengenya bei ya mahindi. Kikatoka kifuu kimoja na nusu. Tisa.

"Kimebaki kimoja," alisema Kibibi. "Kiko wapi?"

Jibu jepesi lilikuwepo, motoni. Mfuriko ulikuwa nusu kifuu. Angeweza kusema ulikuwa kimoja na nusu, na moto usingesimama kumpinga. Vifuu kumi vingetimia. Wanawake walikuwa wamechoka na jua, walitaka kwenda nyumbani, na wengi wao wangelipokea neno hilo kwa shukrani. Hata Kaltuma alikuwa akimwashiria kwa macho: moto, sema moto.

"Hakijulikani," alisema Mashavu.

"Hakijulikani?" Tuneya aligeukia wenzake, mikono juu. "Mmesikia! Hicho ndicho kilichopanda kwenda kwa wafugaji! Mwenyewe amekiri!"

"Kimetafutwa katika majivu, kikakosekana," Mashavu alisema, akimtazama Kibibi peke yake, maana angemtazama mwingine angeua mtu. "Kimetafutwa katika moto, na moto haukula kiasi hicho. Katika chungu hakimo. Kifuu kimoja hakijulikani kilipokwenda. Na atakayetaka kutungiwa mahali, mahali hapapo."

Mwanaarusi alisema kwamba kwa kweli jibu hilo si zuri, mwizi naye angesema hivyo. Mwingine alisema mwizi angejua kutunga. Walibishana. Kibibi aliwaacha wabishane mpaka ugoro ulipokwisha mkononi mwake, kisha akasema kwamba yeye amekishika kifuu hiki tangu kabla baadhi yao hawajaolewa, na chungu kilichosemewa mpaka kikatimia chote, bila hata punje kupungua, hajawahi kukiamini hata siku moja. Kazi yoyote ya moto na maji ina tundu lake. Msemaji anayeyaziba matundu yote ndiye wa kuogopwa.

"Mwiko ubaki ulipo," alisema. "Tuneya, mwanangu, kaa chini. Umeniudhi tangu asubuhi."

Chumvi ikagawanywa, kila kapu kwa haki yake, na upungufu ukagawanywa vilevile. Mashavu akaongeza kutoka sehemu yake mwenyewe bila kuombwa, kwa ajili ya mfuriko. Kaltuma akalipwa siagi yake kwa kilichobaki, ambacho hakikuwa kingi, akasema maneno mawili ya Kiorma ambayo si lazima yaandikwe. Kisha Kibibi akakifunika kifuu juu ya mchanga. Hiyo ndiyo ishara kwamba kusema kumekwisha, na watu wako huru kutajana.

Tuneya alikuwa ameshainuka, chumvi yake imefungwa kwenye pindo la kanga.

"Tuneya!" aliita Mashavu. "Rudi hapa. Nimekaa kutwa nzima na jina lako mdomoni kama mfupa wa kambare. Tuneya! Tuneya dada wa mume wangu! Mdomo wako ni mlango wa zizi, haufungwi mpaka ng'ombe wote watoke! Majivu yako yalikuwa mazuri, sikia, yalikuwa bora kuliko yote, na nimeyasema mazuri mbele ya watu, na hilo sitakusamehe mpaka nife!"

"Nani kakuomba usamehe? Mvunja vyungu wewe!" Tuneya alirudi hatua zote alizokwenda. "Na hicho kimoja nitakitafuta! Nitakitafuta mpaka chini ya kitanda chako!"

"Njoo! Uje na ufagio, kufagie kabisa, maana kaka yako hafagii!"

Komora, aliyekuja kuchukua sufuria yake, alisimama kati yao akitazama huku na huku. Sufuria ilikuwa nyeusi tii kwa moto wa mchana kutwa, na bado ilikuwa ya moto. Akaifunga mpini kwa kipande cha nguo, akaanza kuondoka.

"Usiku tunakula nini?" aliuliza.

Lakini mkewe na dada yake walikuwa wameshafika kwenye habari za mahari.